Ajizi ya Vijana: Yatoka Wapi, na Yaondoshwaje?

Katika malalamiko ya wazazi wa miji yetu ya pwani, hapana linalosikika zaidi kuliko hili: kijana ameambiwa asome, akasema baadaye, ameambiwa aandike barua ya kuomba kazi, akasema kesho, na kesho ilipofika ikazaa kesho nyingine. Wazazi wengi humwita mvivu, wakadhani wamekwisha kuujua ugonjwa. Sisi twauliza: Je, ni uvivu kweli? Kwani hapana lawama ya haki mpaka kosa lijulikane ni lipi.

Jawabu twaitafuta mbali kidogo na bahari, katika nchi za Meru na Embu, mashariki ya Mlima Kenya. Huko Igembe, upande wa Maua, hulimwa miraa ambayo sote twaijua, kwani masoko ya Mombasa na Lamu hayaikosi. Miraa haingoji. Ikisha kuchumwa, nguvu yake hupungua kwa muda wa siku mbili hivi. Kwa hiyo hufungwa kwa majani ya migomba na kupakiwa garini siku ile ile. Miongoni mwa wachumaji wamo vijana wa umri wa shule, na walimu wa huko wamelalamika miaka mingi kwamba madarasa hupungukiwa na wanafunzi kwa sababu yake. Kadhalika kahawa ya Embu: iliyochumwa asubuhi hufikishwa kiwandani siku ile ile ili imenywe maganda, kwani ikilala huchacha ikaharibika.

Basi mfikirini kijana wa nchi hiyo. Alfajiri yu juu ya mti. Jioni kitabu chake kimefungwa, naye asema atasoma kesho. Lau ajizi ingekuwa ni tabia ya mwili wake, ingemfuata hata mtini. Tofauti imo katika kazi zenyewe. Kazi ya miraa mwisho wake ni leo, malipo yake hayakawii, na yupo mtu amngojeaye. Ama mtihani wa mwisho wa sekondari, uko mbali, faida yake haionekani kwa macho, wala hapana amwulizaye jioni amefika ukurasa gani.

Tena lipo jambo la nne, nalo lina uzito zaidi: hofu. Bunda la miraa halimwambii mchumaji kwamba yeye ni mjinga. Hesabu asiyoifahamu humwambia hivyo. Wataalamu wa elimu ya nafsi, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, waliandika mwaka 2013 kwamba mwenye kuahirisha aghlabu huikimbia dhiki ya moyo impatayo akiikabili kazi. Hupata nafuu ya saa moja, na mzigo akajibebesha mwenyewe kesho yake. Na kijana hulemewa zaidi, kwani sehemu ya ubongo ishikayo hatamu za matamanio na kutazama mbali haikamiliki mpaka baada ya miaka 20.

Huenda mtu akauliza: Je, basi kijana hana lawama? Hatusemi hivyo. Sababu si udhuru. Mzazi aliyelipa karo ametoa jasho lake, na siku zipitazo hazirudi. Mwenye kuzipoteza amedhulumu, hata kama aliyedhulumiwa ni nafsi yake. Lakini kumwita mvivu mbele ya watu ni kuizidisha ile hofu, na hofu ikizidi, kesho huzidi.

Dawa ni kukifanya kitabu kifanane na miraa. Kwanza, kazi kubwa ikatwe vipande vya siku moja. Kijana asiseme "nitasoma hesabu", bali aseme "leo baada ya alasiri, ukumbini, nitafanya maswali matano". Pili, apatikane mtu wa kuonyeshwa maswali hayo kabla ya kulala: baba, dada au rafiki. Tatu, aanze kwa dakika kumi tu, kwani dhiki hukaa mlangoni, na aliyekwisha kuingia huiona imepungua. Na akikosa siku moja, arudi siku ya pili bila ya kujilaani. Walimu nao watoe kazi ndogo ndogo, na wazirudishe upesi zikiwa zimesahihishwa.

Na sisi wakubwa tujiangalie. Miraa ile hutoka Igembe mbio, ikafika kwetu kwa wakati. Kisha hupokewa barazani na watu wazima ambao jioni hupanga biashara, safari na ujenzi wa nyumba, na asubuhi hawakumbuki hata moja. Kijana apita, atazama. Wazee wetu walisema ajizi ni nyumba ya njaa, na watoto wengi huingia nyumba hiyo wakitufuata nyuma. Basi kila mzazi na atimize leo jambo moja alilolisogeza, kisha ndipo amwulize mwanawe: umefika ukurasa gani?