Mgeni Njoo, Nani Apone?

Bango la matembezi lilisema "rahisi", na mimi nikavutwa na neno hilo tu. Mimi si mtu wa kupanda milima. Jumamosi alfajiri tulijaa kwenye gari la kukodi, wasee kumi na wanne na vitafunio vyetu, tukashika barabara ya Thika hadi Gatanga, Kaunti ya Murang'a. Tulikuwa tunaenda kutembea kando ya bwawa la Ndakaini.

Na kweli ilikuwa rahisi. Majani chai pande zote, hewa baridi, maji yametulia kati ya vilima utadhani hayajawahi kuguswa. Tulipiga picha mpaka simu zikaanza kulalamika. Kiongozi wetu akatueleza kwamba bwawa lilikamilika mwaka 1994, kwamba linaweza kubeba takriban mita za ujazo milioni 70, na kwamba sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka hapo. Yakishasafishwa Ng'ethu, huteremka kwa mabomba hadi jijini. "Kumbe shawa yangu huanzia hapa!" mmoja wetu akasema. Tukacheka.

Mbele kidogo, nje ya eneo la bwawa, tulikutana na shosho mmoja akipanda kutoka kwenye kijito. Alikuwa amebeba mgongoni mtungi wa lita 20, kamba imepita kwenye paji la uso. Tukamwamkua. Akasimama, akatuuliza majina, mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza tumetoka wapi.

"Nairobi, shosho."

"Na siku hizi maji huko yanatosha?"

"Wapi!" nikasema mimi. "Kwetu mfereji unatoa maji mara mbili kwa wiki."

"Poleni sana, wajukuu wangu," akasema. Na alimaanisha.

Mpaka leo ile pole inanikera. Angetukejeli ningejua la kujibu. Lakini mtu aliyebeba maji mgongoni, bwawa likionekana nyuma yake, alinihurumia mimi kwa sababu ya maji.

Swali nililorudi nalo ni hili: je, nina deni kwa shosho yule? Jibu la haraka ni hapana. Mimi hulipa bili. Nikikosa maji hununua kwa mtungi, tena bei ya mwenye tenki. Halafu bwawa lilipojengwa wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Hatukumhamisha mtu yeyote kwenye bonde lile. Kwa nini mzigo uwe wangu?

Kuna pia jibu la hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni nne Nairobi. Bonde moja lilikuwa na watu wangapi? Wachache wahame ili wengi wanywe. Sioni ubaya wa hesabu hiyo yenyewe. Jiji haliwezi kuishi bila maji, na mtu mwenye huruma pia angeweza kuipiga akapata jibu lile lile. Shida yangu ni kwamba hesabu ilipigwa mara moja, lakini maji yanateremka kila siku. Aliyetoa shamba lake alitoa siku moja, sisi tunapokea kila asubuhi. Hatuwezi kusema mambo yaliisha zamani wakati bado tunayaoga.

Ndiyo maana naona tutenganishe hatia na deni. Hatia hairithiwi. Mtoto wa mwizi si mwizi. Lakini ukirithi shamba la baba ambalo hakumaliza kulilipia, huwezi kuvuna mahindi kisha umwambie mwenye kudai kwamba wewe hukuwepo. Unayekula mavuno umeshajiingiza. Bili ninayolipa inagharamia mabomba, dawa na mishahara. Sijui kama kuna senti yake inayofika kwenye kile kijito.

Kaunti ya Murang'a imewahi kudai sehemu ya mapato ya maji yanayouzwa Nairobi. Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza nilisema, "Siasa tu, hao." Labda zilikuwemo siasa. Lakini sikujiuliza kama dai ni la haki. Niliogopa tu bili itapanda. Na mwaka 2017, ukame ulipolishusha bwawa na Nairobi ikaingia kwenye mgao, nakumbuka tulivyolalamika mtandaoni. Tuliuliza maji yetu yako wapi. *Yetu*. Neno dogo, lakini ndani yake bonde zima limeshapata mwenyewe mpya.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikwenda Ndakaini kupona sisi: kupumzisha kichwa, kunyoosha miguu, kupata hewa. Si dhambi. Ila mgeni anayekuja, akapona yeye, akaenda zake, sijui methali ile inamwita nani.

Sijatoka na suluhisho kubwa. Nimeamua tu kwamba swali la Murang'a likija tena, nitalisikiliza kama mtu anayehusika, hata ikiwa maana yake ni shilingi kadhaa juu kwenye bili yangu. Hiyo ndiyo namna ya kujua kama shukrani yangu ni ya kweli ama ni maneno.

Kuna jambo moja sijalitaja. Kijana mmoja wa kundi letu aliuchukua ule mtungi akamfikishia shosho hadi langoni. Alipumzika mara mbili njiani, na yeye huenda jimu kila siku. Mimi ndiye niliyempiga picha. Jioni nikaituma kwenye kundi, na ikawa ndiyo iliyopendwa kuliko zote, kuliko hata zile za bwawa. Watu waliandika, "Utu bado upo."

Niliitazama tena kabla ya kulala. Kijana anaonekana vizuri, jasho na tabasamu. Shosho yuko pembeni, nusu ya uso imekatwa. Yeye alikuwa ametuuliza majina yetu sote kumi na wanne. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza lake.