NYUMBA YA KWANZA NA MPANGAJI ATAKAYEKUJA

Katika miji yetu, na hasa Dar es Salaam, imeenea desturi moja kati ya vijana wanaoanza maisha ya ndoa. Mume na mke, labda mmoja mwalimu na mwenzake muuguzi, huweka akiba kidogo kidogo kwa miaka mingi, kisha hununua pagale pembeni mwa mji, huko Chanika au Mbagala au ng'ambo ya Kigamboni. Hawangoji nyumba ikamilike. Vyumba viwili vikiisha kuezekwa na kutiwa milango, wao huhamia, na sehemu zilizobaki hujengwa polepole kadiri fedha inavyopatikana. Nia yao tangu mwanzo ni mbili: kukaa humo kwanza na kulea watoto, na baadaye, wakijaliwa kupata makao mengine, kuipangisha nyumba ile iwe tegemeo la uzee wao.

Yafaa tujiulize kama nia hiyo ya pili ni safi kama ile ya kwanza. Vijana watashangaa kwamba swali lenyewe lipo. Wazee wao hawatashangaa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa kuwa pato la namna hiyo lilihesabiwa kuwa ni kuishi kwa jasho la wengine. Miaka minne baadaye ikaja sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majumba, iliyoipa Serikali uwezo wa kuyachukua majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ikaziacha nyumba ambazo wenyewe walizikalia zote. Sharti la viongozi lililegezwa kwa maamuzi ya chama yaliyofanyika Zanzibar mwaka 1991, na leo waziri na mwenyekiti wa mtaa waweza wote wawili kuwa na wapangaji. Lakini hoja haifi kwa kuwa sheria imebadilika. Matofali ni yale yale, na bati ni lile lile. Jana alikaa humo mwenye nyumba, leo anakaa mtu mwingine. Ni kitu gani basi kilichogeuka hata jambo lililokuwa jema jana lishukiwe leo?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliligusa jambo hili katika karne ya 13 alipokuwa akiandika juu ya riba. Alionyesha ya kwamba viko vitu ambavyo kuvitumia ndiko kuvimaliza, kama divai na ngano. Anayedai malipo ya divai, na tena malipo ya kuinywa, anauza kitu kimoja mara mbili. Nyumba si hivyo. Kuitumia nyumba ni kukaa ndani yake, wala mkaaji haimalizi kwa kukaa. Kwa hiyo mwenye nyumba aweza kumpa mwenzake matumizi, akabaki na mali yake, akapokea malipo kwa haki. Naye Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mali ambayo mfanyakazi ameinunua kwa akiba yake ni ule ule mshahara wake uliovaa sura nyingine. Nasi twakubaliana nao. Muuguzi aliyejinyima miaka kumi na miwili hata akapata vyumba vinne hakumnyonya mtu, wala hageuki kuwa mnyonyaji siku anapompa mwingine ufunguo na kupokea kodi.

Lakini hoja inayomruhusu ndiyo hiyo hiyo inayomfunga. Maadamu anacholipwa ni matumizi ya nyumba, hana budi kutoa nyumba inayotumika. Choo kilichojaa, paa linalovuja juu ya kitanda cha mtoto, mita moja ya umeme inayogombaniwa na kaya tano: hapo mpangaji amelipia matumizi asiyoyapata. Katika nyumba zetu za zamani za Kariakoo na Ilala, zile zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, jambo hili lilijitengeneza lenyewe. Mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele, wapangaji wakakaa vilivyobaki, na ua ulikuwa wa wote. Mvua iliponyesha iliwalowesha wote pamoja, kwa hiyo fundi aliitwa upesi. (Hatusemi kwamba ugomvi haukuwako; waliokulia katika nyumba hizo wanazijua kesi za ndoo na za jiko la mkaa.) Kilichogeuka, basi, siku ile ya kuhama, si kodi. Ni kwamba mwenye nyumba haisikii mvua tena. Anayaona malipo katika simu yake, na mpangaji amekuwa tarakimu.

Liko jambo jingine, nalo latusumbua zaidi, hasa kwa kuwa wengi wameshalizoea. Ni ile desturi ya kudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla mtu hajaingiza hata godoro. Sheria ya mwaka 1984 ya kuzuia kodi kupanda ilikwisha kufutwa mwaka 2005, na tangu hapo mambo mengi yameachiwa mapatano ya watu wawili. Lakini mapatano kati ya mwenye funguo na mwenye mtoto mgongoni si mapatano ya watu walio sawa. Hebu tulitazame jambo hili kwa kipimo kile kile cha Tomaso. Anayelipa mwezi huu analipia matumizi ya mwezi huu. Anayelipa leo miezi kumi na miwili amemkopesha mwenye nyumba fedha ya miezi kumi na mmoja, bila riba, naye ndiye maskini kati yao. Tena aghalabu fedha yenyewe hana. Huenda kuikopa kwa wale ambao watu wa mjini wanaiita mikopo yao "kausha damu", na huko ndiko iliko riba halisi. Basi mwenye nyumba, ambaye hakula riba, amemsukuma ndugu yake mlangoni kwa mla riba, kisha amefaidika kwa safari hiyo. Juu ya hayo yote dalali naye anadai kodi ya mwezi mmoja kwa kumwonyesha mtu mlango.

Tutaambiwa kwamba wapangaji nao wana visa vyao: wapo wanaohama usiku na deni, wapo wanaong'oa hata vitasa. Ni kweli. Basi na achukuliwe mwezi mmoja au miwili ya dhamana, na iandikwe, na irudishwe. Hofu ya mwizi mmoja si sababu ya kuwatoza waaminifu ishirini.

Wanaonunua sasa wana neno lao pia. Nyumba nyingi za bei nafuu ni za mirathi, au za mtu aliyebanwa na ugonjwa au deni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mnunuzi asitosheke na sahihi ya mwanamume mmoja na muhuri wa serikali ya mtaa. Na amwulize mke aliko. Akiambiwa yuko kijijini, asafiri, au asubiri hata aje. Atakayemkuta mjane anauza kwa nusu ya thamani kwa sababu ya haraka, akafurahia bahati yake, ameweka msingi wa nyumba yake juu ya hitaji la mtu mwingine, hata kama hati zote ni sahihi.

Mwisho lipo swali la kurudi. Mwenye nyumba atastaafu, au mwanawe ataoa, naye atataka vyumba vyake. Ni haki yake. Lakini mpangaji aliyekaa miaka saba ana watoto katika shule ya jirani, ana genge lake barazani, amezika hata mtu wake kutoka nyumba hiyo. Notisi ya siku thelathini haimtoshi mtu wa namna hiyo. Apewe muhula wa shule uishe, arudishiwe kodi ya miezi ambayo hajaikalia, na mwenye nyumba mwenyewe, wala si dalali, aende kumwambia.