Wajibu wa Mwenye Kusikia

Habari ni chakula cha akili. Mtu mwangalifu hali chakula asichojua kimetoka jiko gani. Lakini habari, mtu huyo huyo huzimeza kabla ya kuzitafuna. Methali yasema: lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Ina hekima, lakini ina hatari vile vile, kwa kuwa humpa mvumishaji heshima ya shahidi. Je, asadikiye uongo ni mtu aliyeonewa tu, au ana fungu lake katika kosa?

Nchi ya Rwanda ilijibiwa swali hili kwa gharama kubwa mno. Julai 1993 redio ya watu binafsi, Radio Télévision Libre des Mille Collines, ilianza kutangaza mjini Kigali. Haikuja na sura ya adui. Ilikuja na muziki wa kupendeza, mizaha na lugha ya mitaani, na wengi waliipokea kama rafiki. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, sauti ile ile ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha, wakasakwa na kuuawa. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu 800,000 hivi, wengi wao Watutsi, waliangamia katika muda wa siku 100. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufani ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, wala haikuwaachia huru.

Sheria iliwashika wasemaji. Waliotenda kwa mikono yao walihukumiwa kwa matendo yao. Lakini kusadiki peke yake hakuna mahakama. Hukumu yake imeachiwa dhamiri.

Basi dhamiri haina budi kuwa na mizani. Wanazuoni wa hadithi, kama Imam Bukhari aliyefariki mwaka 870, hawakupima maneno tu, bali walimpima kila mpokezi: amesikia kwa nani, na mwenendo wake ni upi? Mizani hiyo haijachakaa. Mleta habari na aulizwe: Aliona mwenyewe au alisimuliwa? Akikosea, hujisahihisha hadharani? Ni nani apataye faida akisadikiwa? Na swali zito kuliko yote: Je, huwahi kuwaambia wasikilizaji wake neno wasilolipenda? Asiyewaudhi kamwe hawapi habari. Huwapa kioo cha kujipendea.

Yamkini itasemwa kwamba mkulima, mvuvi na mchuuzi hawana nafasi ya kuchunguza kila neno. Udhuru huu una ukweli. Hata mwanachuoni mwenye maktaba hawezi kuhakikisha kila asomalo. Lakini asiye na nafasi ya kuhakikisha ana nafasi ya kunyamaza. Kunyamaza hakuhitaji elimu wala fedha. Huhitaji kujizuia tu. Na hapo ndipo lilipo fungu la msikiaji: si katika kudanganywa, maana kila mtu hudanganyika, bali katika kulipeleka mbele neno alilolipenda kabla ya kulijua.

Uongo hauna miguu yake wenyewe. Hutembea kwa miguu ya wausadikio.