Alama ya X Haiulizi Ulijenga kwa Baraka za Nani

Agosti 2017, kando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, watu walisimama wakitazama matingatinga yakibomoa nyumba zao. Hawakuwa wamejenga kwa kujificha. Walijenga mchana kweupe, viongozi wa mtaa wakiona, na wengi waliunganishiwa umeme na maji. Kumbe TANROADS, wakala wa barabara, ilikuwa na ramani yake: hifadhi ya mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ofisi moja ilihudumia kile ambacho ofisi nyingine ilikuwa imekikataza. Aliyelipia tofauti hiyo ni mwenye nyumba.

Kisa hiki nakileta Ihanda, wilayani Mbozi, kwa sababu Ihanda nayo imekaa kando ya barabara kuu, ile iendayo Tunduma na Zambia. Tangu Mkoa wa Songwe uundwe mwaka 2016 na Vwawa kuwa makao makuu, ardhi ya pembeni mwa lami haitazamwi tena kama shamba la kahawa au mahindi tu. Inatazamwa kama kiwanja, fremu ya duka, au maegesho ya malori.

Hebu tumfikirie kijana anayenunua kipande hapo. Anapima kwa hatua, analipa mbele ya mashahidi, anapewa karatasi ya mauziano yenye mhuri wa kijiji. Anajenga fremu tatu. Hajauliza hifadhi ya barabara inaishia wapi, wala aliyegonga mhuri hakumwambia. Wakati huo huo, mpango wa taifa ni kuipanua barabara ya Igawa hadi Tunduma, kilomita 218, iwe ya njia nne. Na tangu Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya kawaida ya barabara kuu ni mita 30 kila upande, kutoka 22.5 za awali. Aliyekuwapo kihalali kabla ya nyongeza hiyo huwekewa alama ya X ya kijani kwenye jengo lake, ana haki ya fidia. Aliyeingia baadaye hupata X nyekundu, na mhuri wa kijiji haumwokoi.

Dawa ipo, na ni ya kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inakipa kijiji nafasi ya kuandaa mpango wake: makazi hapa, kilimo hapa, malisho pale, chanzo cha maji kisiguswe. Mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoupitisha. Lakini mpango huo ukichorwa bila kutazama wa wilaya, wa mkoa na wa barabara, utabaki picha nzuri ukutani.

Wajibu huu hauko kwa kijiji peke yake. Wapangaji wa mkoa nao wasishuke na ramani kana kwamba Ihanda ni pori. Mji unapotanuka na eneo kutangazwa kuwa la mipangomiji, mashamba hugeuka viwanja na mitaa. Mkulima ana haki ya kulijua hilo mapema, kabla hajapanda miche ya kahawa itakayomchukua miaka kadhaa kuvuna.

Kwa hiyo, mwenyekiti na mtendaji: kabla ya kugonga mhuri, ulizeni ofisi ya ardhi ya wilaya na TANROADS. Afisa mipango: leta ramani ya mkoa kwenye mkutano mkuu, uieleze kwa lugha ya wananchi. Nawe mnunuzi: usipime kwa hatua kabla ya kuliona jiwe la mpaka wa barabara.

Wahenga walisema kupotea njia ndiyo kujua njia. Wenzetu wa Kimara wamekwishalipa gharama ya kupotea. Ihanda haina haja ya kuilipa mara ya pili.