Haki ya Kuuliza

Huenda ukimaliza shule utaingia katika chuo kidogo cha ualimu, mfano wa vile vilivyomo Migori na Homa Bay. Huko utasikia watu wakisema kwamba utafiti ni kazi ya vyuo vikuu, na kwamba chuo kidogo kazi yake ni kupokea elimu iliyokwisha kupikwa na kuigawa. Wasemao hivyo si wapumbavu. Bweni linapovuja, na karo haijalipwa, nani atathubutu kuomba fedha za kipima-mvua?

Tazama yaliyotokea Mbita, ufukoni mwa ziwa, katika Homa Bay. Mwaka 1970 Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu, alianzisha kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ambacho makao yake ni Nairobi na tawi lake limo Mbita. Katika miaka ya 1990 watafiti wa huko walitafuta njia ya kumzuia funza atoboaye mabua ya mahindi. Kati ya mistari walipanda desmodiamu, mmea ambao harufu yake humfukuza nondo amzaaye funza huyo. Kandokando ya shamba wakapanda majani ya nepia ya kumvuta. Wakaona jambo ambalo hawakulitafuta: penye desmodiamu, kayongo lilipungua. Kayongo ni lile gugu la maua ya zambarau linyonyalo mizizi ya mahindi, nalo wakulima wa Migori walijua kwa uchungu. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu zake, kisha huzizuia zisishike mahindi.

Kuliona jambo la namna hiyo kwataka macho, daftari na muda. Maabara hufuata baadaye. Mwanachuo ambaye mama yake hulima Nyatike anayo macho hayo, pengine kuliko mgeni, maana alilipalilia shamba kabla hajajua kuandika. Akosacho ni muda, na mwalimu mwenye nafasi ya kumwongoza. Basi kusaidia utafiti katika chuo kidogo kwaweza kuwa kumpunguzia mwalimu vipindi viwili kwa juma, na kumpa mwanafunzi nauli ya matatu. Bweni halitazidi kuvuja kwa sababu hiyo.

Lakini kuuliza ni kukopa. Mwanafunzi aingiaye bomani mwa watu na kumwuliza mama amevuna magunia mangapi, au ni mtoto yupi aliyeugua malaria, amechukua kitu. Majibu yakiishia kabatini mwa chuo, yakiwa yamekwisha kumpatia mwanafunzi alama zake, mama yule ameibiwa kwa adabu. Hapa nasimama pamoja na wale wapingao: chuo kisichoweza kurudi kwake, na kisiende. Fedha za kurudi zitengwe kabla ya fedha za kwenda. Hata kama hapana kilichopatikana, na aambiwe hivyo, kwa Kijaluo au kwa Kikuria, kabla hajanunua mbegu za msimu ujao.