Jicho la Juu na Jicho la Chini

Somo: Yakobo 1:22–25



Baadhi yenu mnaikumbuka kamera yetu ya zamani, ile ya macho mawili, tuliyoining'iniza kifuani siku za arusi na Kipaimara hapa Murukulazo. Ni Yashica-Mat 124G, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1970. Vijana wenye simu huicheka. Leo na itufundishe.

Macho yake yako moja juu ya jingine. La juu ni la kutazamia tu. Mpiga picha huinamisha kichwa, na katika kioo kilicho juu ya sanduku huwaona watu wote waziwazi. Lakini jicho hilo halihifadhi kitu. Filamu iko nyuma ya jicho la chini, na huko ndiko picha hukaa. Tena jicho la juu limetengenezwa lipokee nuru nyingi kuliko la chini. Basi mtu aweza kuona vizuri sana, na asibakiwe na kitu.

Hayo yalitupata mwaka 1984, tulipokuwa tumetoka chuo cha ualimu karibuni. Kifuniko cha asili, kinachoziba macho yote mawili kwa pamoja, kilikuwa kimepotea, nasi tukashona viwili vya ngozi, kila jicho na chake. Bibi mmoja mzee akaomba apigwe picha, ili vitukuu vyake wamjue. Alijifunga kanga mpya, akaketi mbele ya migomba yake. Kiooni tulimwona hata mikunjo ya tabasamu lake. Tukazipiga picha zote 12 za filamu ile. Ilipopelekwa Mwanza kusafishwa, ikarudi nyeupe, haina hata kivuli. Kifuniko cha jicho la chini hatukukiondoa.

Kosa hilo lilikuwa la usahaulifu. La pili lilikuwa dhambi. Tuliwaambia jamaa zake kwamba msafishaji ndiye aliyeiharibu filamu. Na juma lile lile tulikuwa tumewafundisha watoto wa darasa la nne amri inayokataza ushuhuda wa uongo! Siku zile filamu zilikuwa adimu. Kabla hatujapata nyingine, bibi akafariki.

Tulikaa na uongo huo miaka mingi, huku tukisoma masomo kanisani kila zamu yetu ilipofika. Tulipostaafu tukaenda kwa wajukuu wake, tukaungama. Wakanyamaza kitambo. Kisha mmoja akasema, "Mwalimu, basi tueleze alivyokuwa siku ile." Tukawaeleza kanga, migomba na lile tabasamu, hata machozi yakatutoka sote. Walitusamehe. Picha haikurudi.

Mtakatifu Yakobo anamfananisha msikiaji asiyetenda na mtu aliyejitazama katika kioo, akaenda zake, akasahau sura yake. Ndivyo tulivyokuwa. Jicho la juu lilikuwa wazi: amri tuliijua kwa moyo na kuifundisha. La chini lilikuwa limefunikwa.

Lakini tazameni jambo moja zaidi. Macho hayo mawili yamefungwa kwenye ubao mmoja. Ukizungusha kitufe cha pembeni, yote husogea pamoja, na likiona vema la juu, la chini nalo liko tayari. Hakuna linalokosekana ila kuondoa kifuniko. Hivyo ndivyo Mungu apendavyo Neno lisikiwe kwetu na litendwe.

Juma hili basi kila mmoja wetu na ajikague. Kuna deni la mjane? Kuna mpaka wa shamba uliosogezwa usiku? Kuna uongo wa zamani aliotwishwa mtu mwingine? Jumapili nyingi zimepita tukisema, "Mahubiri yalikuwa mazuri." Tusingoje hata yule anayestahili kuombwa radhi awe kaburini.

Ee Bwana, uliyetupa masikio ya kulisikia Neno lako, utuondolee kila kifuniko, likae ndani yetu na kuonekana katika matendo yetu; kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.