Waacheni Watoto Waulize

Masomo: Mwanzo 2:15–20, Ayubu 38 na 39, Luka 12:22–28



Tukiulizwa kazi ya kwanza aliyopewa mwanadamu ilikuwa ipi, wengi wetu hujibu kwamba ni kuilima bustani na kuitunza. Jibu hilo ni sahihi. Lakini tukiendelea kusoma mistari michache tu mbele, twaikuta kazi ya pili, nayo mara nyingi huwa twaipita haraka. Mwenyezi Mungu alimletea Adamu wanyama na ndege, ili aone atawaitaje. Liangalieni jambo hili vizuri. Mungu aliyewaumba, aliyejua hesabu ya kila unyoya, hakumpa Adamu orodha ya majina ili aikariri. Aliwaleta viumbe mbele yake, kisha akangoja. Na hapana awezaye kumpa kiumbe jina la kumfaa asipomtazama kwanza: anatembeaje, anakula nini, ana miguu mingapi. Mimi niliyekaa miaka mingi katika chuo cha ualimu naliona hapo somo la kwanza la maarifa ya viumbe, na Mwalimu wa somo hilo alikuwa Mungu mwenyewe.

Watoto wetu hapa Mtoni wangali wakiifanya kazi hiyo ya Adamu. Keti barazani jioni moja tu utawasikia. "Bibi, mbona mjusi haanguki darini?" "Babu, kunguru wanalala wapi?" "Mama, kaa ana mifupa?" Na majibu yetu twayafahamu pia. "Acha utundu." "Maswali yako yamezidi." "Nenda kacheze huko." Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini tunapoulizwa na mtoto wa miaka mitano, methali hiyo twaisahau. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaja akili ya kudadisi kuwa jambo mojawapo ambalo elimu yetu haina budi kuliotesha ndani ya kila raia. Akili hiyo haianzi kuoteshwa shuleni. Huanzia barazani, na mara nyingi hukatwa hapo hapo barazani.

Hapa ndipo ninapotaka kusema neno juu ya vitabu vya watoto vyenye picha za wanyama. Wako wazazi wanaoviona kuwa ni vitu vya kuchezea, au anasa ya watu wenye fedha. Sivyo.

Sisi watu wa pwani hatukukosa hadithi za wanyama. Mwaka 1870 Padre Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu na ndiye aliyejenga Kanisa Kuu la Mkunazini huko Unguja, alichapisha kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Humo yumo yule kima aliyemwambia papa kwamba moyo wake ameuacha mtini. Hadithi hizo ni hazina, nasi tuendelee kuwasimulia wajukuu wetu. Lakini papa wa hadithi ile si papa hasa, ni mtu mwenye hila. Na kima ni mtu mwerevu. Hadithi zatufundisha tabia za wanadamu. Kitabu cha picha kilicho kizuri chafanya kazi nyingine. Chamwonyesha mtoto mnyama mwenyewe alivyo, manyoya yake, makucha yake, kiota chake, kisha chamwachia mtoto nafasi ya kusema, "Kumbe!" Mtoto wahitaji vyote viwili.

Zamani vitabu vya namna hii vilivyotufikia vilikuwa kwa sehemu kubwa vya kigeni. Mtoto wa Temeke alijifunza rangi za ndege wa Uingereza ambao hatawaona maisha yake yote. Namshukuru Mungu kwamba tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto hapa Dar es Salaam umewasaidia waandishi, wachoraji na wachapishaji wa Tanzania kutoa vitabu vya Kiswahili vya watoto, na vitabu hivyo vimepelekwa mashuleni. Hivyo basi hatuwezi tena kusema kwamba havipo kabisa. Ni juu yetu kuvitafuta, na kuvisoma pamoja na watoto.

Tena kusoma kwenyewe kuna namna yake. Usikimbilie maneno. Mfungulie mtoto ukurasa, umwulize, "Unaona nini?" Kisha nyamaza, ungoje, kama Mungu alivyongoja. Atakuonyesha mdudu mdogo pembeni mwa picha ambaye wewe hukumwona. Na mtoto akisimama na kutaka kwenda nje kumtafuta mdudu huyo, usimwite arudi amalize kitabu. Kitabu kimekwisha kufanya kazi yake.

Nitawapa mfano wa kweli. Huko Uingereza, katika miaka ya 1930, mtoto wa kike mwenye umri wa miaka minne hivi alikuwa akijiuliza yai linatokaje kwa kuku. Hakupata jibu la kumtosheleza. Basi akaingia bandani, akajificha kwenye majani makavu, akakaa kimya saa nyingi hadi kuku akataga. Nyumbani walikuwa wamemtafuta kila mahali, hata polisi wameitwa. Mtoto alipotokea mbio, nguo zimejaa majani, mama yake alikuwa na kila haki ya kumchapa. Lakini aliyaona macho ya mtoto yaking'aa. Akaketi, akamsikiliza aeleze yai linavyotoka.

Mtoto huyo alikuwa Jane Goodall. Mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 26, alifika Gombe, Kigoma, kuwatazama sokwe. Wakuu wa serikali ya wakati ule hawakukubali msichana akae porini bila mwenziwe, basi aliyekuja kukaa naye hemani ni mama yake, yule yule aliyesikiliza habari za yai. Mwaka huo huo alimwona sokwe akichomeka jani la nyasi katika kichuguu na kuvua mchwa, na dunia nzima ikajifunza kwamba si mwanadamu peke yake atumiaye zana. Na mwaka 1991 wanafunzi 12 walikutana barazani kwake hapa hapa Dar es Salaam, wakimletea maswali yao juu ya mambo waliyoyaona yakiharibika. Kutoka baraza ile kikaanza chama cha vijana kiitwacho Roots & Shoots, ambacho leo kimo katika nchi nyingi. Bibi huyo alifariki tarehe 1 Oktoba 2025. Habari za utoto wake nazo zimekuwa kitabu cha picha, alichokitoa Patrick McDonnell mwaka 2011, na humo watoto wamwona akijificha bandani mwa kuku. Nawauliza akina mama na akina baba: siku ile bandani, kama angepokewa kwa fimbo, ni nini kingetokea?

Labda mtasema: huyo alikuwa na Gombe, sisi wa Mtoni tuna nini? Tunavyo vingi. Tuanze na mjusi wa ukutani. Sisi twamwita mjusi kafiri, na watoto humpiga kwa kandambili. Lakini kitabu cha Mithali, sura ya 30, kinamhesabu mjusi katika viumbe vinne vilivyo vidogo na vyenye akili nyingi, tena chasema hukaa hata katika majumba ya wafalme. Na swali la yule mtoto, mbona haanguki, lina jibu. Chini ya vidole vyake vipana mna vinyweleo vingi mno, vyembamba hata jicho haliwezi kuviona, navyo hushika dari iliyo laini. Usiku hutulia mkabala wa taa akila mbu na wadudu wengine. Huyo ndiye tunayempiga kandambili.

Mtazameni kunguru. Bwana wetu aliwaagiza wanafunzi wake wamtafakari, na Ayubu aliulizwa ni nani anayempa chakula makinda yake yanapolia. Kwetu wako wa namna mbili. Yule mwenye kifua cheupe ni mwenyeji. Yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu, aliyejaa kila jalala, aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale takataka. Akavuka hadi bara, akazidi, akawa mwizi wa mayai na makinda ya ndege wengine. Mwulize mtoto ahesabu wiki nzima: weupe wangapi, wa kijivu wangapi? Humo atajifunza hesabu, historia, na jinsi jambo dogo litendwalo na watu laweza kuwasumbua wajukuu wao.

Kisha mpelekeni kule mto Kizinga unapokaribia bahari, maji yakiwa yamekupwa. Chini ya mikoko ataona kaa wadogo wenye gando moja kubwa wakilipunga, na samaki wanaotambaa juu ya tope kana kwamba wana miguu. Ataona pia mifuko na chupa za plastiki zilizonasa mizizini, naye atauliza ni nani aliyezitupa. Jibuni na hilo.

Sasa nafika kwenye jambo zito. Yako majibu tunayowapa watoto ambayo ni mabaya kuliko kunyamaza. Twawaambia bundi ni mchawi, kwa hiyo apigwe mawe. Twawaambia kinyonga ana sumu, kwa hiyo auawe. Bundi ni ndege wa usiku alaye panya, na katika nyumba zetu panya hawakosekani. Kinyonga hana sumu hata chembe; rangi yake hubadilika kwa joto, kwa mwanga na kwa hofu. Sisemi tuwafundishe watoto kushika kila kitu. Nyoka aachwe, na mtoto aambiwe kweli kwa nini aachwe. Lakini hofu ya uongo si ulinzi.

Ndugu zangu, mtoto hakai mtoto. Siku moja atasoma shuleni, au atamkuta kinyonga mkononi mwa mwenzake, naye atajua kwamba tulimwambia uongo. Na sisi ndio tuliomwambia pia kwamba Kristo alifufuka. Ataipimaje habari hii kuu, itokayo katika kinywa kile kile? Mzazi anayemjibu mtoto kweli juu ya mjusi anaweka akiba ya kuaminiwa. Anayemdanganya anaitumia akiba hiyo, na siku ya haja ataikosa. Kadhalika mtoto aliyenyamazishwa akiwa na miaka sita juu ya kunguru, akifika kumi na tano hatakuja kutuuliza juu ya mwili wake, wala juu ya rafiki anayemshawishi vibaya, wala juu ya mhubiri anayemwuzia maji kwa bei ya dawa. Amekwisha kujifunza kwetu kwamba maswali hayana mahali nyumbani.

Wako wanaohofu kwamba mtoto adadisiye sana atampoteza Mungu. Waisome Ayubu 38 na 39. Mtu yule alikuwa amefiwa, ni mgonjwa, ana maswali machungu. Mungu hakumkemea asiulize. Alimjibu kwa kumwonyesha viumbe, mmoja baada ya mwingine, simba, kunguru, mbuzi wa majabalini, punda wa mwitu, mbuni, farasi, tai, kama mzazi anayemfungulia mtoto kurasa za kitabu cha picha. Na kwa kila mmoja alimwuliza swali. Ayubu hakuondoka pale akiwa na imani pungufu.

Basi yatupasa tufanye nini? Kwanza, kila nyumba itenge nusu saa kwa juma, mtu mzima na mtoto, kitabu kimoja, bila redio wala simu. Pili, mwenye kitabu cha picha ambacho watoto wake wamekwisha kukua akilete Shule ya Jumapili. Naomba liwepo kapu sakristia, na Umoja wa Mama wasaidie kulitunza. Pasipo na kitabu tusikate tamaa. Chuoni tuliwafundisha walimu kutengeneza zana kwa vitu vilivyopo: karatasi sita zilizokunjwa katikati na kushonwa kwa uzi, jalada la boksi, na mtoto achore mwenyewe mjusi wa nyumbani kwao. Tatu, tujizoeze kusema maneno haya, ambayo hayamvunjii mzee heshima yake: "Sijui, mjukuu wangu. Twende tukaangalie."

Tuombe. Ee Mungu Mwumbaji, uliyewaleta viumbe vyako mbele ya Adamu ukangoja aseme, utupe nasi subira ya kungoja. Uyafumbue macho yetu yaliyozoea, uvitakase vinywa vyetu na kila jibu la uongo, na watoto wetu wakikutafuta katika kazi za mikono yako, wakuone. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwalimu Mstaafu, Mtoni